Kurasa Arobaini za Sweta

"Foleni inaanzia nyuma, bwana," dada mmoja alisema bila kugeuka.

Mkono uliokuwa umepita juu ya bega lake kuelekea kaunta ukasita. Hapo ndipo alipogeuka, na alichokiona kikamsahaulisha hasira aliyokuwa ameiandaa. Mwanamume mrefu, wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta. Sweta la sufu, la kijivu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, saa saba mchana, katika mtaa wa maduka ya umeme ambako hata wauzaji walikuwa wakijipepea kwa vipande vya maboksi.

"Mimi sipo kwenye foleni, dada yangu," yule mwanamume alisema kwa upole. "Mimi nina mgonjwa mahututi."

"Yuko wapi?"

"Kazini. Hapumui. Nisipompelekea hiki kifeni sasa hivi, saa tisa tunazika."

"Na wewe ndiye daktari wake?"

"Daktari alishakimbia. Mimi ni ndugu."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka, naye akajikuta anacheka nao, jambo ambalo hakulipenda. Alikuwa amesimama pale nusu saa nzima, na viatu vyake vya kisigino na sketi ya buluu iliyopigwa pasi ikanyooka, akisubiri chaja ya kompyuta yake iliyoungua asubuhi. Akampisha. Mwanamume akapokea kifeni chake kidogo, akakigeuza kukikagua, na alipokuwa anaondoka macho yake yakaangukia chaja ambayo muuzaji alikuwa ameiweka juu ya kaunta.

"Hiyo usiinunue," alisema.

"Kwa nini? Inafanana na yangu kabisa."

"Ishike. Umeona ilivyo nyepesi? Ndani hamna kitu. Chaja ya kweli ina uzito wake." Akamgeukia muuzaji. "Mzee, mpe ile uliyoificha chini. Huyu amevumilia sana."

Muuzaji akaguna, akainama, akatoa nyingine. Ilikuwa nzito kweli. Dada alipoinua uso ili ashukuru, sweta lilikuwa limeshapotelea kwenye umati, naye akarudi nyumbani akitabasamu peke yake njia nzima.

Milima haikutani, binadamu hukutana, tena mapema kuliko walivyojiandaa. Jumatatu iliyofuata, mkurugenzi wa kampuni moja ya kusambaza dawa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, alikuwa akimtembeza mgeni wake kwenye korido ya ghorofa ya kwanza. Mgeni ndiye yule dada wa chaja. Kazi yake ilikuwa ushauri. Makampuni yalimwita yalipotaka kuachana na mashine za ndani na kuhamia kwenye wingu, yaani kuweka kumbukumbu na programu zao kwenye mashine kubwa za watu wengine, mbali huko, na kuzifikia kwa mtandao. Yeye ndiye aliyepanga safari yenyewe: nini kihame, nini kifutwe, nini kitangulie na nini kifunge msafara.

"Mwaka jana bomba lilipasuka juu ya hiki chumba," mkurugenzi alisema akisukuma mlango wa mwisho. "Siku mbili hatukutoa hata kidonge. Sitaki tena kulala nikiwaza bomba. Na huyu ndiye mtunza mashine wetu. Sisi tunamwita Sweta."

Baridi ya kiyoyozi ikampiga dada usoni, na hapo akaelewa sweta lilikuwa la nini. Yule mwanamume alisimama kati ya makabati mawili ya chuma yaliyokuwa yakivuma, ameshika bisibisi.

"Mgonjwa anaendeleaje?" dada alimuuliza.

"Anapumua. Chaja je?"

"Nzito."

Mkurugenzi akavaa miwani yake ili awatazame vizuri.

Kupanga kuhamia kwenye wingu si kazi ya kubonyeza kitufe, ingawa wakubwa wengi hudhani hivyo. Ni kazi ya kuuliza. Kwa kila programu, mshauri alitakiwa kujua nani anaitumia, inategemea nini, na ikisimama nani atalia. Majibu aliyapanga kwenye jedwali refu na kila mstari akaupa rangi: kijani kwa kinachohama bila shida, njano kwa kinachohitaji matengenezo, nyekundu kwa hatari. Mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa na mistari kumi na minne myekundu, na katika yote sababu ilikuwa moja. Aliiandika mara kumi na nne kwa maneno yaleyale: anayejua ni mtu mmoja.

Mtu mmoja huyo alikuwa na miaka kumi na tano kazini na hakuwa na cheti hata kimoja. Aliingia akiwa mbeba maboksi kule chini ghalani. Siku fundi wa mashine alipoacha kazi bila kuaga, yeye ndiye aliyekuwa karibu, akapewa funguo za chumba azishike wiki moja mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Akasoma vitabu vya maelekezo kwa kamusi, akaharibu, akatengeneza, akaandika programu zake mwenyewe, na taratibu kampuni nzima ikaanza kutembea kwa mambo yaliyokuwa kichwani mwake tu. Washauri wawili walikuwa wameshaletwa kabla ya dada yetu. Walitoka mle chumbani na mafua.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Sweta aliwaambia, akarudi kwenye bisibisi yake.

Kwa huyu wa tatu mambo yakawa mengine. Mchana walikuwa wakikaa kwenye ngazi za nyuma ya ghala, yeye na daftari lake, Sweta na mkate wake na mayai ya kuchemsha.

"Swali la ishirini na moja," alisema.

"Bi Maswali, nile kwanza."

"Utakula huku unajibu. Kwa nini oda za Jumatano haziingii zenyewe kama za siku nyingine?"

"Kwa sababu Jumatano watu wa ghala wanahesabu mzigo. Nikiziachia kabla hawajamaliza, kila hospitali inapelekewa mara mbili. Kwa hiyo nachungulia dirishani. Msimamizi wa ghala akivua kofia, ujue amemaliza. Nabonyeza."

"Unasubiri kofia."

"Nasubiri kofia."

"Sasa mimi nitaandikaje hilo kwenye mpango? Kwamba dawa za watu zinaendeshwa na kofia ya mzee?"

"Andika tu. Hilo wingu lenu si liko juu? Litaiona vizuri kuliko mimi."

Dada alicheka mpaka chai yake ikamwagikia blauzi. Sweta akatoa kitambaa mfukoni, akataka kumfuta, akasita, akampa ajifute mwenyewe. Huko kusita ndiko kulikommaliza. Wanaume wengi alishawaona wakikimbilia, na huyu alikuwa wa kwanza kusubiri aambiwe.

Kisha zikaanza simu za jioni. Ya kwanza alipiga Sweta.

"Upo?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Nimekumbuka jambo kuhusu mashine ya tatu."

"Umenipigia saa moja jioni kwa ajili ya mashine ya tatu?"

"Hapana. Lakini ndiyo sababu niliyoipata."

"Tafuta sababu nzuri zaidi, nitaikataa hiyo."

"Basi nimekukumbuka wewe, na mashine ya tatu imenisindikiza."

"Hapo sawa. Sasa niambie ya mashine."

Ndivyo walivyopendana, katikati ya kazi, na kazi ikiwa katikati yao. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wabeba maboksi wakawa wakimwona mshauri anapanda ngazi wanaanza kukohoa wote kwa pamoja. Sweta aliwatishia kuwafungia mtandao. Hakuwafungia.

Siku moja tu alionyesha hofu. Walikuwa kwenye zile ngazi, daftari limejaa zaidi ya nusu.

"Nikwambie ukweli, mpenzi?" alisema. "Siku nitakayomaliza kukwambia ndiyo siku nitakayofunga virago."

"Acha hayo."

"Mimi si mjinga. Wananiweka kwa sababu wananihitaji. Nje ya lango lile hakuna mtu atakayeniajiri. Wote wanaanza na swali la cheti."

"Sikiliza. Kwenye mpango wangu kuna safu inaitwa chanzo. Kila ukurasa nitaandika umetoka kwako. Mkurugenzi akifika ukurasa wa kumi atakuwa ameshajua nani anaibeba hii kampuni. Hawatakuacha, Sweta. Watakupandisha. Na mwisho wa mpango nitaandika mimi mwenyewe kwamba wewe ndiye uliongoze hilo wingu."

"Bila cheti?"

"Utakuwa na kurasa arobaini. Nani mwingine ana cheti cha kurasa arobaini?"

Sweta akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, uliza."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, msomaji, wala hakulifanya mtu mmoja. Dada aliamini kwamba wakubwa wakionyeshwa thamani ya mtu wataiheshimu. Sweta aliamini kwa sababu aliyesema ni yeye. Akafungua kichwa chake na kumwaga vyote: kofia ya Jumatano, mashine ya tatu isiyotakiwa kuzimwa kabla ya ya kwanza, dawa zilizobadilishiwa jina miaka sita iliyopita ambazo hospitali bado huziita kwa jina la zamani, programu ya friji za chanjo inayopima joto kila robo saa na kumpigia simu likipanda. Mstari mmoja mmoja, nyekundu ikawa njano, na njano ikawa kijani. Kila mstari ulipobadilika rangi dada alimpigia kumwambia, nao walishangilia pamoja.

Jumapili moja Sweta alimpeleka nyumbani. Alikaa na mama yake, fundi wa kushona, ghorofa ya tatu, sebule ikiwa imejaa sare za shule zilizotundikwa mpaka kwenye fremu ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayemuuliza maswali mpaka anacheka peke yake jikoni?"

"Mama," Sweta alisema.

"Wewe kaa kimya, unaulizwa wewe?" Mama akasogeza rundo la suruali ili mgeni apate pa kukaa, akamwangalia kwa furaha isiyojificha, toka viatu mpaka hereni. Walizungumza mchana mzima. Wakati wa kuagana mama alimshika mkono, na sauti yake ikabadilika. "Hilo wingu mnalohamia, mwanangu. Na yeye atahamia?"

"Atakuwa wa kwanza, mama. Yeye ndiye atakayewaongoza wengine."

"Mungu akubariki," mama alisema, na neno hilo lilikuja kumchoma baadaye kuliko tusi.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakushangilia. Dada alikuwa akiishi na shangazi yake, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu enzi za mitambo ya waya, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alipomsimulia habari za mpango, shangazi alizima redio.

"Mtambo mpya ulipoletwa kwetu, walimtuma kijana mtaratibu sana," alisema. "Aliniuliza kila waya unakwenda wapi. Nikamwonyesha wote, na kahawa nikampa. Alinishukuru sana."

"Hii si hivyo, shangazi. Mimi nimeandika jina lake."

"Hata yeye alijua jina langu," shangazi alisema, akawasha redio.

Jumatano ya kuwasilisha mpango dada alivaa suti ya rangi ya zabibu na lulu za bandia masikioni. Akapitisha kurasa arobaini mbele ya mkurugenzi, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayemsifu mchumba wake mbele ya ukoo. Jedwali la mwisho lilikuwa kijani juu mpaka chini. Mkurugenzi alilitazama, akavua miwani, na macho yake yakawa na machozi kidogo.

"Hujui umenitua mzigo gani," alisema. "Miaka mingapi nimekuwa nikimwogopa huyu kijana. Akikohoa tu, nashindwa kula. Akiomba likizo, natafuta kisingizio. Kampuni nzima kichwani mwa mtu mmoja. Wewe umeitoa kichwani mwake ukaiweka kwenye karatasi."

"Ndiyo maana napendekeza, ukurasa wa mwisho, kwamba yeye ndiye..."

"Nimeusoma. Ana cheti gani?"

"Hana cheti. Ana hizi kurasa."

"Hizi kurasa sasa ni zetu." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Kuongoza wingu nitamchukua kijana aliyesomea, ataanza na hii kazi yako kama mwongozo. Sweta tutampa barua Ijumaa. Mpaka hapo, mkataba wako unajieleza kuhusu siri za kikao."

Dada alibisha. Alibisha mpaka sauti ikapanda na katibu akafungua mlango kuchungulia. Lakini kila hoja aliyoitoa ilikuwa imeshajibiwa na kazi yake mwenyewe. Akisema Sweta peke yake ndiye anayejua, mkurugenzi anafungua ukurasa. Alikuwa amemkaanga mpenzi wake kwa mafuta yake mwenyewe, tena akiimba.

Alhamisi simu iliita.

"Walisemaje?" Sweta aliuliza. Sauti yake ilikuwa na haraka ya furaha.

Dada alijua alichopaswa kusema. Alijua pia kwamba bado ana siku moja ya kumbembeleza mkurugenzi, na akajidanganya kwamba siku moja inatosha.

"Wameupenda," alisema.

"Kurasa zote?"

"Zote."

"Mpenzi wangu. Mama anasema Jumapili uje mapema."

"Nitakuja," alisema, akakata simu kabla hajalia.

Ijumaa saa nne walimwita Sweta chumba cha mikutano. Barua ilikuwa fupi. Chini ya barua kulikuwa na mpango wote, kurasa arobaini, na mkurugenzi akamweleza utaratibu wa kukabidhi kazi: asome kila ukurasa na kuweka saini, kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ni sahihi. Mshauri aliambiwa akae pale kama shahidi.

Sweta alisoma. Katika kila ukurasa, kwenye safu ya chanzo, alikutana na yeye mwenyewe. Alisaini wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika ukurasa wa ishirini na tisa kalamu ikasimama, na mkurugenzi akakaa sawa, akidhani sasa ndiyo ugomvi unaanza.

"Hapa umekosea," Sweta alimwambia mshauri, bila kumtazama. "Umeandika joto likipita nyuzi nane simu ipigwe baada ya nusu saa. Ni robo saa. Nusu saa chanjo inakuwa imeharibika."

Akasahihisha kwa mkono, akasaini, akaendelea mpaka wa arobaini. Akaweka funguo za chumba juu ya rundo.

Kwenye ngazi za nyuma ndipo dada alipomkimbilia, viatu mkononi.

"Sweta, nisikilize."

"Jana ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa ameshadanganya mara moja na akaona faida yake.

"Nilijua tangu Jumatano. Nilidhani nitawabadilisha mawazo. Walinifunga mdomo na mkataba, lakini sisemi hivyo kujitetea. Nilipaswa kukwambia."

"Zile simu za jioni," Sweta alisema taratibu. "Nazo zilikuwa kwenye mkataba?"

"Unajua hazikuwa."

"Sijui. Hilo ndilo tatizo. Wale wawili waliokuja kabla yako hawakupata kitu kwa sababu walikuja na karatasi tu." Akashuka ngazi moja, akageuka. "Wewe ulikuja na kucheka."

Maneno yalimkata maini. Aliyabeba nyumbani, akayalalia na kuamka nayo. Alipiga simu siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi. "Sikuwa nakuchimba. Nilikuwa nakupenda." Hakuna jibu. Shangazi hakumwambia kwamba majuto ni mjukuu. Aliweka tu sahani ya chakula mbele yake na kukaa hapo mpaka ale. Naye akaendelea kupanga kuhama kwa kampuni, kwa sababu mkataba ulikuwa umesainiwa na kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Miezi miwili ikapita namna hiyo.

Wakahama Jumamosi. Oda zikapita, majina ya dawa yakapita, kila kitu kikakaa mahali pake asubuhi moja, na kijana mpya mwenye vyeti akapiga makofi. Saa tano friji moja ya chanjo ikakataa. Mlangoni iliandikwa namba nne, lakini vipimo vyake vya joto havikuwa vinaonekana popote kwenye mfumo mpya, na bila vipimo, sheria ya kampuni ilikuwa chanjo zote zilizo ndani zitupwe muda wa saa nne ukipita. Kijana mwenye vyeti alipekua kurasa arobaini mara mbili. Mkurugenzi alipiga simu ya Sweta mara sita.

"Nenda kwake," alimwambia mshauri. "Wewe atakufungulia."

Mama ndiye aliyefungua. Sare zilikuwa zilezile, zimetundikwa kila mahali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alisema, na hakuongeza mwanangu. "Yupo. Ametoka kazini sasa hivi."

Kazi yenyewe aliiona kwenye viganja vyake. Sweta alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa fulana, mikono imechubuka kwa kamba za maboksi. Alikuwa amerudi kwenye kazi ya ghalani, aliyoanza nayo miaka kumi na tano nyuma, ila sasa kwenye kampuni nyingine. Alimtazama mgeni wake bila chuki, na hilo likawa gumu zaidi kulivumilia.

"Umekuja kwa ajili yao, au kwa ajili yako?" aliuliza.

"Kwa yote mawili."

"Unaanza na lipi?"

Alitamani sana kuanza na lake. Lakini zilikuwa zimebaki saa mbili na dakika kidogo.

"Friji namba nne haionekani."

Sweta akafumba macho. "Ni saba. Nne iliharibika, tukaisogeza saba mahali pake, tukabandika karatasi ya nne mlangoni. Ndani ya mashine bado ni saba. Sikukuficha. Nikiiona nne miaka yote naisoma saba, nikasahau kwamba wengine wanaisoma nne."

Dada akapiga simu palepale, akamwambia kijana mwenye vyeti aitafute saba. Walisubiri watatu, mama ameacha kukanyaga cherehani. Kisha ikasikika kelele ya furaha kwenye simu, naye akaikata.

"Ahsante," alisema. "Sasa langu."

"Sema."

"Nilikosa. Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu, nikadhani karatasi nzuri inaweza kumlinda mtu. Na Alhamisi ile niliogopa, nikakudanganya. Sina lingine la kujitetea. Nakupenda. Nataka tuoane, Sweta. Ukitaka kusomea hicho cheti tutasoma wote, usipotaka basi, mimi nitaolewa nawe na maboksi yako."

Mama aliinuka, akaingia jikoni, akaurudishia mlango.

"Ungeniambia hilo kabla ya zile kurasa, ningekubali hujamaliza kusema," Sweta alijibu. "Hata sasa sina hasira. Hasira ilikwisha mwezi wa kwanza. Najua hukunipenda kwa hila. Nimejielezea mwenyewe mara nyingi nikaelewa."

"Basi?"

"Basi tangu siku ile, mtu akiniuliza jambo lolote nanyamaza kwanza. Mama ananiuliza nitakula nini, nanyamaza. Nawaza, hili nikilisema litaandikwa wapi. Leo umeniuliza friji nikakujibu kwa sababu ya watoto wa watu, lakini ilinibidi nifumbe macho kwanza. Sasa mume na mke wataishije, mmoja anaogopa kuulizwa?"

"Nitaacha kukuuliza."

"Hutaweza. Na mimi sitaki uweze." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Nilikupendea hayo maswali."

Dada alisimama, akamshika ule mkono uliochubuka, naye akauacha ushikwe kidogo, kisha akauchukua. Mama hakutoka jikoni kumuaga.

Alishuka mpaka ghorofa ya pili, akakaa kwenye ngazi na kufungua kompyuta. Mstari wa friji ulikuwa umerudi kuwa mwekundu asubuhi ile. Angeweza kuuacha hivyo. Kwa muda alifikiria kuuacha, ili siku moja wamhitaji tena Sweta, wamtafute, wamwombe. Lakini siku hiyo moja ingekuja na chanjo za watoto zimeharibika, na Sweta asingemsamehe hilo, wala yeye mwenyewe asingejisamehe. Akaandika mistari minne: namba ya mlangoni, namba ya ndani ya mashine, sababu, na namna ya kurekebisha. Alipofika kwenye safu ya chanzo aliiacha tupu. Akaugeuza mstari kuwa kijani, akautuma.

Jibu la mkurugenzi liliingia kabla hajainuka. "Ahsante sana. Sasa tumekamilika, hatutamhitaji tena." Alilisoma mara mbili, kisha akalia palepale kwenye ngazi, akijibanza ukutani kila mara kuwapisha watu waliokuwa wanapandisha mizigo yao ya sokoni.